Macho ya Godhana

Asubuhi hiyo Godhana alimaliza mchuzi wa nyanya, mchachu ajabu, akapangusa midomo na kutangaza kwamba rangi zimempotea.

“Nyekundu na kijani naona kitu kimoja, Mama Job.”

Priscilla aliweka sufuria chini. Yeye na mumewe walikuwa kwenye dawa za TB pamoja, kila mmoja akimsimamia mwenzake mpaka ameze. Na onyo la macho walilipata tangu mwanzo.

Barwako, nesi wao kule Garsen, aliwaeleza vizuri. Mdudu wa TB hujijengea ukuta wenye mafuta mazito kama nta, dawa nyingi zikifika hapo zinateleza. Kwa hiyo kidonge chao kina dawa ya kumnyima hayo mafuta, na nyingine ya kumvurugia ujenzi wenyewe. Ukuta ukibaki na mianya, dawa nyingine zinapenya kummaliza. Ila hiyo ya ujenzi, mara chache, husumbua macho. Nyekundu na kijani zikianza kufanana, waje mbio.

“Lakini tuache tu,” Godhana alisema. “Nikienda wataniondolea kidonge, mdudu ajenge upya.”

Hilo lilimtia hofu hata Priscilla. Lakini mume akipofuka, mpunga utalimwa na nani?

“Vaa viatu,” alisema.

Walipanda pikipiki ya abiria kutoka kijijini kwao Idsowe, Priscilla amemshika mumewe mkanda, akimwonya kila shimo kana kwamba Godhana ndiye anayeendesha. Godhana aliitikia tu, “Ndiyo, Mama Job.”

Kwenye zahanati, Barwako alimkalisha Godhana kwenye kiti cha wagonjwa, akapanga kadi za rangi mezani.

“Hii?”

“Naona kama majivu.”

“Na hii?”

“Majivu pia.”

Priscilla alitikisa kichwa kwa huzuni. Mzee wa watu, na jana tu alikuwa akimcheka jirani kwa miwani yake.

“Mama, hebu msaidie,” Barwako alisema.

Priscilla akachukua kadi moja, akaisogeza karibu na pua ya mumewe.

“Hii ni nyekundu, Baba Job. Nyekundu kabisa. Hata mtoto mdogo anaijua.”

Barwako aliitazama ile kadi ya kijani mkononi mwa Priscilla, kisha akamgeukia Godhana.

“Uliyoniambia kwenye simu kuhusu macho ya mama ni kweli, Baba Job. Sasa acha kujifanya, umwachie mama kiti.”