Kisiki cha Marehemu

Makungu alivumilia mengi katika nyumba ile, lakini kisiki cha mzambarau kilimshinda. Mti wenyewe, alioupanda marehemu Hamdu, mume wa kwanza wa mkewe, ulikuwa umekatwa zamani. Hata hivyo kila asubuhi Raya alikifagia kile kisiki, akakimwagia maji, ndipo aje kumsabahi mumewe. Mwanamume aliye hai Makungu angeshindana naye; na kisiki utashindana nacho vipi?

Leo akamleta fundi wa mashine ya kusagia visiki. Meno ya chuma yakanguruma, unga mwekundu ukaruka hadi barazani. Makungu alisimama karibu, karibu mno, ashuhudie kwa macho yake, mpaka akajaa vumbi kichwani na mabegani.

"Tayari, bwana," fundi alisema akizima mashine. "Juu kumekwisha."

"Na mizizi?"

"Mizizi siiwezi. Imeshapita chini ya nyumba." Akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye dirisha la chumba chao cha kulala.

Raya akatoka. Hakulia, wala hakununa.

"Umechafuka, mume wangu," alisema, akaanza kumpangusa mabega polepole, kwa upole ambao Makungu hakuwahi kuuonja tangu amwoe. Akafumba macho kwa raha.

Alipoyafumbua, Raya alikuwa amekwisha kumpa kisogo. Kiganja chenye ule unga mwekundu alikuwa amekileta puani, anavuta pumzi.