Mahubiri ya Damu

Alfonce alipiga magoti mlangoni pa kibanda cha mchungaji, mtu mzima na suruali yake ya kanisani, na Adelfina, mke wa mchungaji, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Mchungaji, mke wangu anaisha," Alfonce alisema. "Domisiana amejifungua asubuhi, na damu haikatiki. Yangu haikulingana. Kaka yangu ametoa chupa moja, sasa wanataka ya pili."

Mchungaji Hakizimana hakumtazama. "Nitamwombea," alisema. "Damu siwezi. Unajua tunavyoamini."

Alfonce alijua. Kambi nzima ilijua. Kwa miaka miwili Hakizimana alikuwa akiwahubiria wakimbizi wenzake kutoka Burundi kwamba damu ni uhai ambao Mungu amempa kila mtu peke yake, na anayeigawa atafufuka akiwa pungufu. Watu waliokwisha kupoteza nyumba, ng'ombe na ndugu walilipokea neno hilo kwa mikono miwili. Angalau kitu kimoja kisingetoka kwao tena. Mwaka uliopita mtoto wa Odeta, muumini mwenzao, aliishiwa damu kwa malaria, na waumini kumi na mmoja waliokuwa wamekaa nje ya wodi hawakunyanyuka. Hakizimana alimzika yule mtoto bila kuimaliza sala, akakaa siku tatu bila kula.

Lakini Domisiana hakuwa mtu wa kuombewa tu. Mwaka 1993, Hakizimana na Adelfina walipovuka mpaka na binti yao Keza mgongoni, ni yeye aliyewafungulia nyumba yake kule Bukiriro, upande wa Tanzania. Majuma sita walikula maharage yake na viazi vyake. Keza alipougua, Domisiana alimlaza kitandani pake, yeye akalala chini.

Alfonce aliinuka, akajipangusa magoti, akaondoka bila kuaga. Angetukana, ingekuwa nafuu.

"Nakwenda mimi," Adelfina alisema.

Hakizimana alimdaka mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu alipohamishia mkeka wake upande wa pili wa kibanda, akisema ameweka nadhiri ya kufunga na kusali.

"Usiende, Mama Keza. Nakuomba."

Adelfina aliuona woga wake, akauchukua kuwa ni woga wa waumini watasema nini, na aibu aliyokuwa nayo ikageuka hasira.

"Yule mwanamke alitulisha," alisema. "Kama Mungu wako atanihukumu kwa hili, basi anihukumu."

Akajichopoa.

Hospitali ya kambini, mpimaji wa maabara, Suleman, aliandika jina lake, kisha akainua kichwa.

"Mke wa mchungaji?"

"Ndiye mimi." Adelfina aliinamisha uso, akingoja kejeli.

"Afadhali umekuja, mama," Suleman alisema kwa sauti ya chini. "Tunapima kwanza. Kaa pale ungoje."

Alikaa kwenye benchi, Alfonce upande huu, yeye upande ule. Waumini wawili walipita, wakamwona, wakageuza nyuso. Aliwaona, na wenyewe walijua amewaona.

Suleman aliporudi, uso wake ulikuwa umekunjuka. "Kundi linalingana. Na damu yako ni salama, mama. Salama kabisa."

Kabla jua halijazama, Domisiana aliacha kutokwa na damu, akaomba uji. Alfonce alimshika Adelfina mikono yote miwili. Adelfina alishindwa kumtazama. Macho yake bado yalimwona yupo chini, magotini, mbele ya mumewe aliyegeukia pembeni.

Alimkuta Hakizimana nje, amesimama peke yake kwenye ukuta wa wodi. Alimwendea na kipande cha pamba kikiwa bado kimebanwa kwenye kiwiko.

"Nimetoa," alisema. "Jumapili katangaze. Waambie mkeo amejipunguza."

"Walikupima?"

"Walinipima."

"Wakasemaje?"

"Kwamba damu yangu ni salama."

"Salama? Suleman mwenyewe alisema hivyo?"

"Alisema salama kabisa. Kwani wewe unataka nini?"

Hakizimana alikaa vumbini, akajifunika uso kwa koti lake la mahubiri, akalia kwa sauti mpaka wagonjwa wakachungulia madirishani. Adelfina alisimama juu yake, hajui kama ainame au aondoke.

"Miaka miwili iliyopita nami nilikuja hapa kutoa," Hakizimana alisema ndani ya koti. "Wakapima, wakaniambia nina UKIMWI. Suleman akaniambia nikulete nawe upimwe. Sikuthubutu. Na nikaogopa watu watauliza kwa nini damu yangu imekataliwa. Jumapili iliyofuata ndipo nilipotafuta andiko la kuikataza damu."