Chaki na Gurudumu

Sista Kabula alishika kipande cha chaki karibu na ukingo wa gurudumu la pikipiki yake kuukuu, akalizungusha polepole. Palipobenuka, chaki iliacha alama. Akalegeza spoki mbili za upande ule, akakaza mbili za upande wa pili kwa robo mzunguko tu, akafuta alama na kuanza upya.

Lugoma, katibu wa kamati ya zahanati, alikuwa amesimama mlangoni. Kamati ilitaka pikipiki isimikwe kwenye zege mbele ya zahanati, watu wamkumbuke Sista, muuguzi aliyeipanda kupeleka chanjo milimani miaka thelathini.

"Sista, mafundi wanasubiri. Liache tu hilo. Likishaingia kwenye zege, nani atajua kama linayumba?"

"Hakuna."

"Sasa unahangaikia nini?"

"Sijafa, Lugoma. Sindano nilikuchoma mwenyewe, ukalia mpaka ng'ambo ya mto wakasikia."

Lugoma alicheka bila kutaka. "Lakini daktari alikukataza kupanda milima."

"Alinikataza, ndiyo. Hebu njoo ushike hapa."

Alimpa chaki. Lugoma akapandisha suruali yake ya kikao, akachuchumaa, akaisogeza mpaka ikabaki nafasi ya unywele. Sista Kabula akalisukuma gurudumu kwa nguvu zake zote.

Chaki haikugusa popote. Spoki zikapotea machoni, upepo mwembamba ukampiga Lugoma usoni. Mafundi walimwita kutoka nje, mara ya kwanza, mara ya pili. Alibaki amechuchumaa, akingoja lisimame.