Nyanya Nyeusi za Uani

Msusi aliibonyeza nyanya ya kwanza kwa kidole gumba, akaiacha. Ya pili ilibonyea kidogo, akaichuma. Nyanya hizi ndogo, nene kama zabibu, hazikuwa na desturi ya kuwa nyekundu zikiiva kama nyanya nyingine. Zilianza kijani, zikaingia weusi wa biringanya, na hapo macho yakawa hayana kazi tena. Kidole tu ndicho kilichojua.

"Zimetosha?" mama mkwe aliuliza kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, kando ya geti.

"Bado kidogo, mama."

"Chuma zote. Za kesho anazijua nani?"

Kiti kile hakikuwa kimehama tangu mume wake Msusi alipotia kitasa kipya getini, miezi saba nyuma, siku mkewe alipochelewa nusu saa kurudi kutoka saluni alikosukia watu. Saluni ikaishia hapo. Zikabaki kuta ndefu zenye vipande vya chupa juu, ndoo kumi na moja zilizopandwa nyanya, na funguo mbili. Mmoja alitembea nao mume. Wa pili, wa kutumia nyumba ikishika moto, ulining'inia kwa kamba shingoni mwa bibi yule.

Mbegu alizitoa bibi mwenyewe sandukuni. "Panda," alisema. "Mikono ikikaa bure hutafuta ugomvi." Msusi alizipanda kwa hasira, lakini mbegu hazina kosa, zikaota. Mume alipoliona tunda la kwanza alikunja pua. "Hizi zimeoza." Hakuzigusa tena, zikawa chakula cha wanawake wawili.

Saa nne simu ya bibi ikalia. Sauti ya mume ilisikika mpaka jikoni.

"Mko wote?"

"Tuko wote."

"Geti?"

"Limefungwa, baba."

Mara tatu kila siku, hivyo hivyo. Msusi aliwaza kwamba hata jela hawana mlinzi hodari namna hii. Shoga wa bibi, aliyekaa nyumba ya tatu, alipofariki, bibi hakwenda kumzika. Alikaa pale pale kitini, akasikiliza vilio vikipita barabarani. Dawa zake za presha aliletewa na mwanawe. Mtu akose hata kumzika shoga yake, kisa kumlinda mkamwana!

Jana usiku mume alisema kwa mkato, "Jumamosi tunahama. Nimepata nyumba mbali na macho ya watu." Leo ilikuwa Ijumaa.

Msusi alimimina mafuta, akatia kitunguu saumu kilichopondwa, akangoja kigeuke dhahabu. Akazipasua nyanya nusu kwa nusu. Ndani zilikuwa na wekundu mzito wa kahawia. Maganda yalipoanza kukunjamana alitia chumvi, pilipili manga na sukari punje chache za kukata ukali, akafunika, akapunguza moto. Rojo lilipokuwa zito alilimwaga juu ya viazi vya kuchemsha, na mafuta akayaongeza bila huruma. Alitaka chakula kizito. Chakula kizito, kisha kusukwa nywele: hakuwahi kumwona mtu aliyeshindana na mawili hayo akabaki macho.

Bibi alikula sahani mbili, akaikomba ya pili.

"Umepika kama mtu anayeaga," alisema.

Kijiko kilimgonga Msusi meno. "Nimepika kama siku zote, mama."

"Haya. Njoo unisuke."

Alikaa nyuma ya kiti, akaanza. Mstari wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu kidevu cha bibi kilishuka kifuani, na koromo likaanza, lile lile la kila wiki. Kamba ilikuwa imelegea shingoni, na ufunguo umelala begani, mbele ya macho yake. Mara ngapi ameuona umelala hivyo, na mara ngapi ujasiri umemtoka akaendelea kusuka?

Safari hii alifungua fundo. Vidole vilivyozoea unywele mmoja mmoja havikumwangusha. Ufunguo ulikuwa na joto la mwili.

Alipiga hatua nne, ndala mkononi. Kitasa kilitoa mlio mkubwa kuliko alivyotegemea. Alisubiri. Nyuma yake koromo lilikuwa limekatika, lakini kurudi nyuma hakuweza tena. Alilisukuma geti, likaachia upana wa bega. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Nyumba ya dada yake ilikuwa mwendo wa dakika ishirini tu, naye alikuwa amezihesabu hatua zake kitandani kila siku kwa miezi saba.

Alitoa mguu mmoja. Kabla hajautoa wa pili, mkono ulimshika kiwiko kwa nguvu.

Aligeuka polepole.

Bibi alikuwa amesimama nyuma yake, nusu ya kichwa mistari na nusu timutimu, viatu vya kutokea miguuni, mkoba umebanwa kwapani.

"Miezi saba nakoroma, mwanangu, wewe unasuka tu," alinong'ona. "Mimi mumeo aliniapisha nisikiguse kitasa. Sogea nipite, kabla hajapiga tena."