Vipindi Kumi na Viwili, Hakuna Aliyekufa

Kipindi cha nne, na bado hakuna aliyekufa.

Profesa alisukuma kiti nyuma, akaitazama kompyuta kama mtu aliyeuziwa viatu viwili vya mguu mmoja. Jina la Profesa alipewa na shangazi yake, na wala halikuwa sifa. Alimaliza sekondari miaka miwili iliyopita, na tangu hapo kazi yake kubwa ilikuwa kukosoa: wachezaji, watangazaji, hata chumvi ya kwenye mboga za shangazi.

Sasa kwa mara ya kwanza kuna watu walitaka kumlipa akosoe. Kituo cha televisheni kilikuwa kinatafuta mhakiki mmoja, wa kuangalia vipindi vya kigeni na kusema hiki kinunuliwe, hiki kiachwe. Waombaji wote walipewa anime ileile, yaani katuni ya Kijapani, vipindi kumi na viwili vyenye maandishi ya Kiswahili chini, na siku nne za kuandika ripoti. Shangazi naye alishasema la kwake: mwezi ukiisha hakuna kazi, Profesa anashika pasi. Mama wa watu alikuwa anapiga pasi nguo za wateja palepale sebuleni, nyuma ya kiti cha Profesa, kutwa nzima, na ule mlima wa mashati haukuwahi kupungua.

Na anime yenyewe ndiyo hiyo. Wanafunzi wawili wa sekondari, msichana mdadisi na mvulana mvivu, wanakaa kwenye chumba cha vitabu baada ya masomo wanachunguza siri. Siri zenyewe sasa! Nani anaacha mwavuli uliolowa koridoni siku za jua kali. Kwa nini saa ya darasa moja inachelewa dakika nne. Dakika ishirini nzima watu wenye akili zao wananyemelea mwavuli. Damu hakuna, bastola hakuna, hata kofi moja la kuchangamsha hakuna. Wanakunywa chai, wanatazama dirishani, majani yanaanguka, halafu wimbo.

Wimbo wa mwisho ukianza tu, Profesa alikuwa ameshasimama. Mhakiki wa kweli, alimweleza shangazi, hapotezi muda na majina ya wapiga gitaa. Alitoka uani kunyoosha miguu na kutafuta maneno makali, akirudi anabonyeza kipindi kinachofuata.

"Mwavuli ni wa mzee wa bustani," shangazi alimwambia aliporudi, macho yakiwa kwenye kola ya shati. "Mpira wake wa maji umetoboka. Anajikinga nao akimwagilia maua."

"Nani kakwambia?"

"Kwani mimi siangalii? Mikono ndiyo iko kazini, Profesa. Macho yamekaa bure."

Profesa alicheka kwa pua. Watu wazima ndivyo walivyo, alijiambia, hawawezi kuliacha swali wazi, lazima walibandike jibu lolote.

Kwenye ile ya saa, shangazi alidai eti kiranja anairudisha nyuma kila asubuhi, ili msichana mmoja anayetoka mbali asiandikwe mchelewaji. Alipomaliza kusema hivyo akapitisha pasi mara tatu mahali ambapo palishanyooka. Profesa alimuuliza kama analia kwa sababu ya katuni. Shangazi akamwambia ni mvuke.

Kufika kipindi cha kumi na mbili, hasira za Profesa zilitosha kurasa tatu. Aliandika kwamba anime hii ni maji ya kuoshea vikombe. Aliandika kwamba wahusika wake wangekuta maiti darasani, wangeuliza kwanza nani kafungua dirisha. Na juu ya yote, siri kumi na mbili, mwandishi hajafumbua hata moja. Anakuachia swali mkononi kisha anakuimbia.

Hapo akapata wazo tamu. Ili kumwaibisha mwandishi kabisa, aliorodhesha majibu ya shangazi, yote kumi na mawili, na chini yake akaweka mstari mmoja: "Haya yamebuniwa na mpiga pasi." Alama, moja kwa kumi, na hiyo moja ni ya rangi.

Shangazi alimuuliza kama ameandika vizuri. Akamjibu kwamba huko watamkumbuka.

Mkuu wa vipindi wa kituo, mama mmoja mwenye miwani iliyosukumwa mpaka utosini, aliisoma ripoti Profesa akiwa amekaa mbele yake. Ukurasa wa kwanza hakucheka. Wa pili hakucheka. Wa tatu alishusha miwani, akaifuata orodha kwa kidole, polepole mpaka chini, halafu akaanza upya. Profesa alijiegemeza. Alishaanza kuchagua dawati, lile la karibu na feni.

"Haya majibu kweli ni ya mpiga pasi?"

"Shangazi yangu huyo, mama. Anabahatisha tu huku anafanya kazi zake. Nimeyaweka uone hadithi yenyewe ilivyo nyepesi."

Mama aligeuza kompyuta yake, akafungua kipindi cha mwavuli, akakisogeza mpaka wimbo wa mwisho. Majina ya wapiga gitaa yakapita yote, moja moja. Wimbo ukaisha, kioo kikawa cheusi, kisha bustani ikatokea: mzee amekunja suruali, mpira uliotoboka unamrushia maji kila upande, na mwavuli uko juu ya kichwa chake.

"Naomba namba ya simu ya shangazi yako," mama alisema, akichukua kalamu. "Unadhani Jumatatu anaweza kuanza?"