Kifungo cha Juu cha Shati

Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa tatu na robo asubuhi, mvua ikipiga bati la zahanati yangu ya Magomeni, Inasio, niliyesoma naye sekondari, alishindwa kufunga kifungo cha juu cha shati.

"Mwalimu wa zamu angenichapa," alicheka.

Nilizipapasa tena tezi za shingo yake. Zilikuwa zimevimba, zikibonyea kama mpira. Mfukoni nilikuwa na majibu ya kipande cha tezi tulichokikata wiki iliyopita: saratani ya tezi. Kwa miezi sita nilimtibu kifua kikuu, bila kukata kipande kikapimwe.

"Mke wangu anasema pombe ya uraka ndiyo iliyoharibu dawa. Nisamehe, kaka. Nilikunywa mara mbili tu."

Alikuwa amenipa pa kutokea. Nilikwenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena.

Kidato cha pili nilivunja kioo cha bwalo. Inasio alichapwa viboko vyangu sita, wala hakunitaja.

Nilifungua mlango, nikamwita mkewe kutoka kwenye benchi.

"Shemeji, mumeo hana kosa. Ni saratani, na aliyekosea ni mimi."