Fimbo ya Mpera

Mwalimu mkuu alimtia Mama Mwanasha fimbo mkononi, mbele ya shule nzima.

“Sisi tumekatazwa kuwachapa, mama. Mzazi hajakatazwa. Binti yako kamjibu mwalimu vibaya. Mchape, au ondoka naye moja kwa moja.”

Fimbo ilikuwa mbichi bado. Mama aliitambua: ya mpera wa nyuma ya jiko lake. Mwanasha alikuwa ameagizwa aje nayo kutoka nyumbani.

Mama hakuwahi kumpiga mwanawe.

“Mwalimu, nakuomba…”

Mwanasha alipiga magoti, akampa mgongo. “Piga, mama,” alinong’ona. “Piga kwa nguvu, waniache nisome.”

Mkono ulipanda, ukaganda juu. Kwenye mistari, watoto walikuwa wameshapaza sauti: “Moja!”